Sababu ya Kusimama

2 Juni, Chapwa

Daftari hili ni la kazi. Nimelinunua ili niandike nilichofanya kila siku, maana mteja akiuliza "umefikia wapi" ni vizuri uwe na cha kumsomea. Mambo ya nyumbani hayataingia humu. Nimeliandika hilo kwa herufi kubwa ndani ya jalada, kwa sababu najijua.

Kazi yenyewe ni hii. Abdul, mwenye yadi ya malori hapa mtaani, karibu na mpaka, anataka kujua magari yake yanasimama wapi na kwa nini. Mpaka sasa madereva wanampigia Mzee Osward, msimamizi wa yadi, naye anaandika kwenye rejista yake pana. Abdul anataka fomu ya kwenye simu. Juu kuna safari. Ndani ya safari kuna magari. Ndani ya kila gari kuna jedwali la vituo: mahali, saa, sababu ya kusimama. Hakuna anayejua gari litasimama mara ngapi, kwa hiyo mistari haiwezi kuwekwa tayari. Dereva atabonyeza "Ongeza kituo" na mstari mtupu utatokea chini, hapohapo. Ni fomu iliyo ndani ya fomu iliyo ndani ya fomu. Nimeomba wiki tatu.

Wa kwanza kuitumia ni msafara wa malori matatu yanayobeba kati ya Ndola na Kolwezi hadi mwisho wa Agosti. Kiongozi wa msafara atajaza kwa niaba ya wote. Kiongozi wa msafara ni Yahaya, mume wangu. Hilo nalo ni la kazi, ndiyo maana nimeliandika.

4 Juni

Upepo tangu alfajiri. Vumbi limeingia hadi kwenye sukari. Nikiongeza kituo kwenye gari la pili, kinatokea kwenye gari la kwanza.

5 Juni

Bado kinatokea kwenye gari la kwanza.

7 Juni

Idi. Nimepika pilau ya watu wawili na kula ya mtu mmoja. Iliyobaki nimempelekea Ferista, mpangaji mwenzangu. Ferista ni Mnamwanga mwenye mashangazi pande zote mbili za mpaka, na huvuka kwenda Nakonde kama mimi ninavyokwenda dukani. Alipokea sahani, akanitazama usoni. "Amepiga?"

"Ameandika. Idi mubaraka."

"Basi?"

"Nikamjibu, nawe pia."

"Nyie watu wa Tanga," akasema, "mnaoneana haya mpaka mtakufa nayo."

Basi niliandike hata hilo, kwa kuwa jalada limeshaniona mwongo. Mwezi wa tano Abdul alisema anafungua yadi Ndola na anataka mtu wa kuisimamia miaka miwili kuanzia Septemba. Anachagua kati ya Yahaya na Lusubilo, dereva wa lori la pili, ila moyo wake uko kwa Yahaya. Yahaya alikuja na habari hiyo wakati wa chakula. Akanawa, akala, akanawa tena, ndipo akasema: "Unaonaje?"

Nilitaka kusema usiende. Nilitaka pia kusema kwamba nilishamfuata mara moja, kutoka Muheza hadi huku kwenye baridi, na miaka mitatu ya kwanza nilikuwa "mke wa dereva" kabla watu hawajajua kwamba nina kazi na nina jina. Nimechoka kuwa mgeni. Lakini yeye aliuliza unaonaje kama mtu anayeulizia chumvi, nami nikamjibu hivyohivyo: "Wewe ndiye unayejua."

Akasema sawa. Siku ya nne akaondoka, nami nikamfungia chapati kwenye karatasi. Tangu hapo tunaandikiana kama ofisi mbili. Nimefika. Alhamdulillahi. Umeshindaje. Salama.

10 Juni

Kila kituo sasa kinakwenda kwenye gari lake. Lilikuwa suala la namba. Kila mstari lazima ubebe namba ya gari lake kwanza, halafu namba yake mwenyewe. Nahesabu mistari inayoonekana, mpya unapata namba inayofuata. Nimejipongeza kwa soda.

12 Juni

Nimekwenda yadini kuona madereva wanavyoandika. Mzee Osward ni Mnyiha wa Itaka, na akili yake mwezi huu iko kwenye kahawa yake, ambayo imeanza kuiva. Alinionesha rejista. Miaka sita, hakuna neno hata moja lililokatwa.

"Mzee, huwa hamkosei?"

"Tunakosea sana. Lakini binti yangu, karatasi yenye kukatwakatwa, kule forodhani wanairudisha. Lori linalala siku mbili kwa ajili ya herufi moja. Kwa hiyo mimi vijana wangu nimewafundisha: ukikosea, usikwangue. Chana, anza mpya."

Nikarudi nyumbani nikaweka kitufe cha "Ondoa" pembeni ya kila mstari. Ukikibonyeza, mstari unafichika na kuwekewa alama ya kufutwa, ili seva ijue cha kufanya nao. Rahisi.

19 Juni

Leo mfumo umeanza. Abdul aliuliza mbele ya watu, "Shemeji, una uhakika hautapoteza kitu?" Ananiita shemeji kwa kuwa Yahaya ni kama mdogo wake. Nikamjibu kwa kiburi ambacho nakiona hata sasa ninapoandika: "Mtu husahau. Mfumo hausahau."

Saa kumi jioni mstari wa kwanza ukaingia. *Kitwe. Saa saba mchana. Kula.*

Nimeusoma mara nyingi kuliko mstari wa maneno matano unavyostahili. Nilijiuliza kala nini.

20 Juni

*Chingola. Tairi.*

23 Juni

*Kasumbalesa. Foleni.* *Kasumbalesa. Foleni.* *Kasumbalesa. Foleni.*

28 Juni

Baridi ya kuuma. Nafanya kazi nimejifunga blanketi la upande wake wa kitanda. Kazi imekwisha kimsingi, ila kila asubuhi nafungua ukurasa wa msafara kabla sijanawa uso. Najua sasa kwamba mume wangu hula saa saba, kwamba Likasi husimama kwa mafuta na Kolwezi kwa mzigo. Nina hamu naye kiasi kwamba neno "mafuta" linanitosha kwa siku nzima.

3 Julai

Gari lake halina kituo tangu juzi. Malori mengine mawili yana vituo vyote.

4 Julai

Amerudi kwenye ukurasa. *Likasi. Mafuta.* Kama vile hakuna kilichotokea. Siku moja na nusu hapo katikati haipo.

Nilimwandikia: Safari iko vipi? Akajibu: Salama.

8 Julai

Pengo jingine. Muda wa saa kumi na moja nzima, kati ya Chililabombwe na Kasumbalesa, mahali ambapo ukitembea kwa miguu unafika. Lusubilo alitangulia na lori la tatu, wakaachana. Yahaya ndiye mwenye simu ya msafara, wenzake humpigia kumpa vituo vyao, naye anawajazia. Anakumbuka kujaza vya wenzake. Vyake havipo.

Ferista alinikuta nimekaa na ukurasa ule. Nikamweleza, maana nilikuwa nimeshindwa. Akafikiri.

"Mwanamume akipotea saa kumi na moja na haumwi," akasema, "kuna mahali anapikiwa."

Nikacheka. Alipotoka nikaacha kucheka.

9 Julai

Sikufanya kazi.

11 Julai

Nimelinganisha na vituo vya wenzake, nikatengeneza orodha ya mapengo yake yote, hata madogo niliyoyapita mwanzoni: Chingola mara mbili, Kasumbalesa mara tatu, Likasi, Kitwe, Chililabombwe. Mwanamke mmoja hawezi kukaa miji yote hiyo. Kwa hiyo ama si mwanamke, ama mume wangu ana bidii kuliko nilivyomjua. Naandika mzaha, halafu naihesabu orodha upya.

14 Julai

Abdul ameniita. Alikuwa ameuchapisha ukurasa mzima, mapengo yamezungushiwa kalamu nyekundu.

"Shemeji, hili linaniuma kukuambia wewe. Lori likipotea hivi mara moja, ni mtandao. Likipotea mara nane, dizeli inauzwa porini."

"Yahaya haibi."

"Nilimpigia. Anasema kila kituo amejaza. Mfumo unasema hajajaza." Akaikunja ile karatasi taratibu. "Nawe uliniambia hapahapa, mfumo hausahau. Sasa nimwamini nani?"

Akaendelea kwa sauti ya chini. Hatamfukuza, ni mtu wake wa miaka mingi. Ila Ndola atampa Lusubilo, na Yahaya atarudi kwenye yadi ya hapa, aangaliwe. Barua ataandika mwisho wa wiki ijayo.

Nilitoka nje, upepo ukanipiga. Nilikuwa na aibu kwa ajili yake. Chini ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine, na kwa kuwa hili ni daftari langu nitakitaja: furaha. Atarudi.

17 Julai

Mzee Osward amerudi kutoka Itaka, vidole vyeusi kwa utomvu wa kahawa, anataka afundishwe fomu kabla kijana mwingine hajamdharau. Nikamfungulia safari ya majaribio. Akaandika mji na sababu kwa kidole kimoja: *Mpika. Kurala.* Akasonya.

"Rekebisha tu hiyo herufi, mzee."

"Aa. Hapana." Akabonyeza Ondoa. Mstari ukatoweka. Akabonyeza Ongeza kituo, akaandika upya, safi kabisa, *Mpika. Kulala*, akatuma. Ukurasa ulipofunguka, jedwali lilikuwa tupu.

"Nilichoandika kimekwenda wapi?"

Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile, akafuta, akaanza upya, akatuma. Tupu.

Nilijua kabla sijafungua msimbo. Nahesabu mistari *inayoonekana*. Uliofutwa hauonekani, kwa hiyo hauhesabiwi, kwa hiyo mpya unapewa namba ileile ya uliofutwa. Mistari miwili, namba moja. Inapofika kwa seva, seva inadhani ni mstari mmoja. Inachukua alama ya kufutwa ya ule wa kwanza na maneno ya ule wa pili, na inatupa vyote. Mtu anayerekebisha herufi juu kwa juu hawezi kuliona tatizo hili hata mwaka mzima. Lazima awe mtu aliyefundishwa na Mzee Osward.

Yahaya alikuwa anajaza kila kituo, anatuma na kufunga simu. Nilikuwa naviteketeza mimi.

"Ni kubwa?" mzee akauliza.

"Ni dogo," nikasema. Nikamwaga chai yangu kwa kuisukuma na kiwiko.

18 Julai

Marekebisho ni mistari minne. Namba ya mstari mpya isitokane na kuhesabu. Itokane na wakati mstari ulipozaliwa, hadi sehemu ya elfu ya sekunde, na miwili haitafanana kamwe. Niliandika, nikajaribu, ikafanya kazi. Sijaiweka kwenye mfumo.

Nikisema, Yahaya anasafishwa na anakwenda Ndola miaka miwili. Nikinyamaza, anarudi nyumbani akiwa mwizi ambaye hajathibitishwa. Na mimi nitakuwa naye.

19 Julai

Nimefua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

20 Julai

Ferista amerudi kutoka Nakonde na samaki wakavu. Akaniuliza mbona nimekonda. Nikasema baridi. Akasema baridi haikondeshi, inanenepesha, watu wanakula sana. Nikaingia ndani.

Nimekuwa nikijiambia kwamba sitanyamaza kwa uovu, nasubiri tu niwe na uhakika. Huo ni uongo, uhakika nilikuwa nao kabla chai haijakauka. Ninachosubiri ni barua ya Abdul itoke.

21 Julai

Nimesoma kwenye kompyuta hadi umeme ukakatika, na sasa naandika dirishani kwenye mwanga wa mchana.

Asubuhi niliamua angalau niokoe vituo vilivyopotea, nivione mwenyewe. Seva inatupa mstari, lakini kabla ya kutupa huwa inaandika pembeni kila kilichotumwa, kama kilivyokuja, bila kuchambua. Nilifungua kumbukumbu hizo nikatafuta gari lake. Nilitegemea kila namba iwe na mistari miwili: mmoja wenye kosa la herufi, na mwingine safi.

Ya kwanza niliyoifungua ilikuwa ya tarehe moja Julai. Mstari wa pili ulikuwa *Chingola. Saa nane. Kula.* Mstari wa kwanza, uliofutwa, ulikuwa:

*Chingola. Saa nane. Nuria, mama anayeuza samaki hapa anacheka kama wewe, anaanza kabla neno halijaisha. Nimeagiza mara mbili.*

Nilisimama. Nikakaa tena.

Hakuwa anakosea herufi. Alikuwa ananiandikia, halafu anaogopa Abdul asione, au anaogopa mimi nisione, anabonyeza Ondoa na kuanza upya na neno la kazi. Alidhani vimekwenda. Hata mimi ningedhani. Nilijua kwamba mtu akifuta kitu ana haki ya kuamini kimefutwa, na kwamba mke mwenye heshima angefunga ukurasa ule. Nikasoma yote.

*Kasumbalesa. Foleni siku ya tatu. Nakumbuka uliposema mimi ndiye ninayejua. Sijui, Nuria. Sijui chochote.*

*Likasi. Kama ungesema usiende nisingekwenda. Najua huwezi kusema. Mimi pia nisingeweza.*

*Kitwe. Nimeiona nyumba watakayonipa. Nimeingia nikatoka haraka.*

*Kasumbalesa. Miaka saba na bado nakuuliza mambo kama nakuomba kalamu. Nilipaswa kukuuliza vizuri.*

Na ule wa Chililabombwe, wa pengo la saa kumi na moja, ambako Ferista alisema anapikiwa. Mahali ameandika mahali. Saa ameandika saa. Kwenye sababu ya kusimama ameandika *Nuria*, basi, hakuna kingine. Akafuta, akaandika *Kupumzika*.

Nililia kwa sauti. Nimemwonea mume wangu wivu wa wanawake wa miji mitano na wote walikuwa mimi. Kila mahali nilipoona hayupo, alikuwa hapo, ameshika simu, ananitafutia maneno. Na mfumo wangu ulikuwa ukitupa maneno pamoja na kituo.

Baada ya hapo suala la kunyamaza halikuwapo tena. Siwezi kumrudisha mtu huyu nyumbani kwa kumwacha aitwe mwizi.

22 Julai

Nimeweka marekebisho. Nimerudisha vituo vyote kwenye jedwali, vile safi tu, vya kazi. Vingine nimevinakili humu kwa mkono na kuvifuta kwenye seva, vikafutika kweli.

Kisha nikaenda kwa Abdul. Nilisema nikiwa nimesimama: kosa ni langu, Yahaya alijaza kila kituo, nimelijua tangu Alhamisi na nimechelewa kusema. Nikampa jedwali lililokamilika.

Alilisoma lote kwa kidole. "Tangu Alhamisi."

"Ndiyo, kaka."

"Kwa nini ulichelewa?"

"Nilitaka arudi nyumbani."

Abdul ni mtu wa Kondoa, hapindishi maneno, lakini hapo alitazama pembeni. Akasema kazi nyingine aliyokuwa anipe atampa mtu mwingine, na hilo nililitegemea. Halafu akasema atampigia Yahaya yeye mwenyewe amwombe radhi, na kwamba Ndola ni yake akiitaka.

"Ataitaka?" akaniuliza.

Nikasema aulizwe yeye. Niliposikia nilivyojibu, nilitamani kujipiga kibao.

24 Julai

Nimeshika simu mara tano. Upepo umeangusha bati la jirani.

26 Julai

Nimempigia. Saa tano asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango, ili Ferista anione na nisiweze kukata. Alipokea simu ilipoita mara ya pili.

"Nuria? Kuna tatizo?"

"Hakuna. Nilikuwa nataka kusema kitu." Nikamweleza kuhusu namba, mistari miwili na alama ya kufutwa. Alisikiliza kwa subira ya dereva anayeelezwa injini na fundi. Nikafika mahali pagumu. "Vile ulivyofuta, havikuwa vimefutika. Nimevisoma."

Nilisikia lori likipita upande wake, mpaka mlio ukaisha.

"Vyote?"

"Vyote. Naomba radhi. Havikuwa vyangu kusoma."

"Vilikuwa vyako," akasema.

Nikaanza, nikasema Yahaya, mimi sikutaka uende, nilitaka kulisema siku ile na nikashindwa, nina hamu na wewe mpaka naumwa. Niliyasema yote hayo kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya Ferista na beseni lake la nguo.

"Nuria," akasema. "Nimeshasaini. Jana. Abdul alisema alikuuliza nawe ukasema niulizwe mimi. Nikajua ndiyo jibu lako."

Ferista aliacha kufua. Nilitazama barabara, malori yamejipanga kuelekea mpakani hadi macho yanapokoma, hakuna linalosogea. Nilifikiri juu ya miaka miwili. Nilifikiri juu ya kuwa mgeni tena, kujifunza upya wapi wanauza nini na nani wa kumsalimia kwanza. Nikaona kwamba siogopi kama nilivyokuwa naogopa.

"Hiyo nyumba," nikasema, "ina vyumba vingapi?"

"Viwili. Kwa nini?"

"Umeme?"

"Unakatika mchana kutwa."

"Hata huku unakatika. Nataka kujua meza yangu ya kazi itakaa wapi."

Nilimsikia akigeuka pembeni na kukohoa kikohozi ambacho si cha ugonjwa. Kisha, polepole, akaanza kunieleza dirisha liko upande gani.